Yule Bwana wa Tai Tatu

Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni kazini.

Leo tulikuwa tunazihoji kampuni tatu zinazogombea kazi ya ushauri kwenye ule mradi wa maji wa wafadhili. Kila kampuni ikamleta mtaalamu wake mkuu.

Mtu yule yule. Mara tatu. Alichobadilisha ni tai tu.

Nikamtazama bosi. Bosi yuko bize anaandika maksi.

Mara ya tatu akamuuliza, "Unawazidi nini wenzako waliotangulia?"

Jamaa hakupepesa hata jicho. "Wale hawana uzoefu wangu."

Hawana uzoefu wake, shoga.

Alipotoka, bosi akashusha pumzi. "Afadhali huyu. Wale wawili wababaishaji watupu."

Kamati nzima ikaitikia kwa kichwa. Na mimi nikaitikia.

Sasa bosi ananigongea mlango. Anataka niwapigie simu wale wawili waliokosa, niwape pole.