Gauni la Shukrani

Jumamosi, 14 Desemba 2024

Nimefika Murungu kwa Mama. Njia nzima kutoka Kasulu nilikuwa na mfuko wa plastiki mdomoni. Binti yangu Ange alinishikia kilemba kisidondoke. Ana miaka tisa, na tayari anajua kumshikia kilemba mtu anayetapika. Elimu gani hiyo!

Mama alikuwa barabarani tangu asubuhi. Kaka Kipriani anasema hata chai hakunywa. Hakulia. Alinitazama toka kichwani hadi viatuni, akasema nimebaki mifupa na macho, na kwamba ndani ya wiki mbili atanirudishia mwili wangu. Haya, Mama. Jaribu.

Dripu ya tano ni tarehe 2 Januari, Mwanza. Daktari alirudia mara mbili: tumbo likianza kujaa tena, usingoje tarehe, njoo siku hiyohiyo. Agosti walinitoa maji lita sita, ndipo wakanipasua. Wakatoa mifuko ya mayai saratani ilikoanzia, na kizazi chote. Naandika ili nisijifanye nimesahau.

Jumatatu, 16 Desemba

Mama kanunua kitenge cha Krismasi, familia nzima sare. Bluu, ndege wa njano. Nikamwambia nitafanana na pazia la baa. Akacheka — na mimi nikacheka, mshono ukauma.

Ndayikeza kaja kunipima. Tumekua pamoja, kwao ni nyumba ya pili kutoka hapa, na sasa ndiye fundi wa Murungu nzima. Mabega. Kifua — kifua gani? Tumbo inchi 34. Akaandika kwenye daftari lake. Mama akamsisitiza aache kitambaa kingi ndani, pande zote mbili, maana huyu atanenepa na gauni litahitaji kuachiwa.

Jioni Mama alitaka kuingia bafuni anisugue mgongo. Nikakataa. Nikasema kovu bado bichi. Ukweli ni kwamba Mama alizalisha wanawake wa hapa zaidi ya miaka ishirini, kabla zahanati haijajengwa. Akigusa tumbo anajua mtoto kalalaje na lini atatoka. Naiogopa mikono yake kuliko mashine za Mwanza.

Jumatano, 18 Desemba

Samaki leo, migebuka kwa mawese. Harufu! Nilitoka nje mbio.

Baadaye uji, vijiko vitatu. Nimeshiba kama niliyetoka harusini. Kwa nini nimeshiba?

Jumamosi, 21 Desemba

Ndayikeza kaleta gauni nilijaribu. Halikufunga. Akadhani kakata vibaya, akaniomba radhi, maskini. Akatoa futi. 36. Akafungua daftari. 34. Akapima tena, polepole. 36.

Akasema basi Jumatatu alikaza futi mno. Nikasema ndiyo, ulikaza mno.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Darasa la tano. Kutoa najua.

Nimemwomba futi yake ya zamani, nikadanganya ni ya Ange kuchezea. Namba za mwanzo zimefutika zote. Haidhuru, mimi nahitaji za mbele.

Jumanne, 24 Desemba

37 na nusu.

Nimejipima chooni, mlango nimeuzuia kwa mguu. Vidole vina ganzi tangu dripu ya tatu, futi imenidondoka mara mbili. Labda ni gesi. Labda maharage! Nani kasema lazima yawe maji?

Nakuchukia, tumbo. Kweli nakuchukia. Nimekufungia kanga, nimekubembeleza, nimekuombea, na wewe unajaa tu.

Kwa nini siendi Mwanza? Andika, Apoline, hakuna anayesoma. Siendi kwa sababu nikifika wataniambia dawa imeshindwa. Hapa Murungu hakuna wa kuniambia. Ni hilo tu. Si Krismasi, si Ange, si Mama. Mwoga.

Jumatano, 25 Desemba

Ndayikeza aliachia gauni upande wa kushoto, likafunga. Tukaenda kigangoni, sote ndege wa njano. Hata Kipriani, shati linambana kwapani, anatembea ameinua mikono kama mtu aliyekamatwa. Nilicheka mpaka machozi. Kwa nusu saa nilikuwa mzima.

Baada ya misa akina mama wakanizunguka. Umenenepa! Mwalimu, umenenepa! Mmoja akanibana shavu — mashavu yaliyovimba kwa vidonge haya, mama yangu, si ya nyama. Mama akapiga vigelegele pale pale mlangoni mwa kanisa. "Imana ishimwe!" Mungu asifiwe! Akarudia mara tatu, analia. Tangu nifike hajalia, leo ndiyo kalia.

Halafu akatoa siri yake. Agosti, nikiwa chumba cha upasuaji, aliweka nadhiri: nikipona, jogoo mwekundu kwenye matoleo, na mimi nimbebe mwenyewe mbele ya watu. Katekista hakungoja. Akatangaza hapo hapo: Jumapili ijayo, Familia Takatifu, tutamshukuru Mungu kwa mwalimu Apoline aliyeponywa. Watu wakapiga makofi.

Pale ndipo ningesema. Mdomo nilikuwa nao.

Njiani Ange akanivuta mkono, akauliza kama kweli nimepona. Nikamwambia amuulize bibi.

Ijumaa, 27 Desemba

39.

Silali chali tena, pumzi inakatika. Naegemea ukuta hadi kunakucha. Mikono yangu imebaki vijiti. Mama anasema mwili ukirudi huanzia tumboni, kisha unasambaa. Amezalisha nusu ya kata hii, halafu anasema hivyo! Au anajua? Hapana, hajui. Ananipakulia, ananitazama nikitafuna, macho yanamng'aa. Leo kaniwekea paja la kuku. Nilipomaliza robo, nilisikia linarudi. Nikalimeza tena, ili asione.

Jogoo mwekundu tayari yuko ndani, kafungwa mguu mmoja kwenye kabati la vyombo. Ange kampa jina: Padre.

Ndayikeza kaja jioni kuachia upande wa kulia. Tukabaki peke yetu na cherehani yake, akasema alichokuja nacho.

"Dada Apo, mimi shule niliishia la saba. Lakini mtu hanenepi tumbo peke yake, mikono inaisha."

Nikamwambia ashone.

Akaanza methali ile ya mficha maradhi. Akafika katikati, akanyamaza. Wote tunajua inavyoisha. Akainama, akaanza kufumua uzi, machozi yanadondokea ndege. Akasema nisipomwambia Mama, atamwambia yeye. Nikamshika mikono yote miwili. Nikamwomba. Jumapili ipite, Ndayikeza. Mwache Mama amtoe jogoo wake, Jumatatu nitapanda basi. Akauliza kama hiyo Jumatatu naiweza.

Alipomaliza akageuza gauni, akanionyesha ndani kwa kidole. "Kitambaa kimeisha, dada. Hapa hapana tena cha kuachia."

Mungu wangu, sitaki kufa. Nimeiandika. Sitaki! Nina miaka thelathini na nane na mtoto anayemwita jogoo Padre.

Jumapili, 29 Desemba

Saa mbili asubuhi. Misa saa tatu.

Leo sikujipima. Nilivaa gauni, zipu ikagoma katikati ya mgongo. Vidole hivi havishiki kitu. Nikamwita Ange — kumbe keshatangulia na kwaya ya watoto. Nilipogeuka, Mama kasimama mlangoni.

Hakuuliza. Akaingia, akanigeuza. Mkono wa kulia kwenye zipu. Wa kushoto akaupitisha mbele, akauweka tumboni nisiyumbe. Mtu yeyote angefanya hivyo. Zipu ikapanda hadi juu.

Mkono wa kushoto haukutoka.

Ukashuka kidogo. Ukatulia ubavuni, kiganja wazi. Kisha akaleta ule mwingine, akagonga kwa kidole upande wa pili. Mara moja. Akangoja. Akagonga tena, maji yakajibu upande wa kiganja. Nilimchungulia akiwafanyia hivyo wanawake nikiwa mdogo kuliko Ange, nikidhani anabisha hodi kwa mtoto. Pumzi yake nilikuwa naisikia nyuma ya shingo yangu, ikakatika.

Nikaanza, "Mama..."

"Rindira, mwana wanje." Subiri, mwanangu. Sauti ya kawaida kabisa. Akanishusha gauni vizuri mgongoni, akalinyoosha kola, akatoka.

Nimekaa kitandani. Naandika kwa sababu mikono inataka kazi. Kengele ya kwanza imelia. Kipriani yuko uani, anauliza kama waanze kwenda. Mama hamjibu. Anauliza tena.

Namwona dirishani, mgongo tu, ndege wawili mabegani. Kaketi kwenye kigoda, jogoo mapajani, kamba ya mgomba mkononi. Kainama, mikono yake inahangaika na miguu ya jogoo. Anahangaika muda mrefu sana, mtu aliyefunga kuku maisha yake yote.

Kengele ya pili. Bado kaketi. Kutoka hapa sioni kama anamfunga au anamfungua.