Vyuma Nilivyoongeza Kwenye Springi

Mjukuu wangu Okoth,

Salamu kutoka Mulanda. Sisi wazima, goti langu tu linasumbua, na ng'ombe mweupe amezaa. Mwandiko uvumilie, shule niliiacha mapema.

Unauliza kama uongeze vyuma kwenye springi za nyuma, pikapu yako ikae juu. Umeuliza bingwa. Kutoka Busia mpaka Tororo hakuna aliyeinua gari kama mimi. Yangu niliiongezea vyuma vitatu kila upande, ikabeba mahindi bila kuinama.

Halafu mama yangu akaanguka, akavunjika nyonga. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, tukaenda hospitali Tororo. Jirani aliniambia, "Pakia magunia ya mchanga kwanza, gari itulie."

Nikamjibu, "Wewe unanifundisha mimi springi?"

Springi ngumu bila mzigo haziinami. Gari iliruka kwenye kila shimo. Tulipofika, mama aliniambia polepole, "Mwanangu, gari lako halikujua kama nimo."

Siku ya nne alituacha.

Ongeza vyuma, Okoth, sikukatazi. Lakini siku ukibeba mtu, mchanga kwanza. Vyangu nilivifungua baada ya mazishi. Viko nyuma ya nyumba, vimeshika kutu. Wanunuzi wa chuma chakavu wakija, nawafukuza.

Babu yako