Kaseti ya Kumi na Tatu

Njoro,
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa ndugu yangu Khisa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, isipokuwa kifua, ambacho kinanisumbua kila mvua inapokaribia, na hicho unakijua tangu zamani. Natumai wewe na Chepngeno hamjambo huko Lodwar, na kwamba Namalwa ameacha kukohoa. Mama yuko sawa. Ameshalimiwa shamba lote na sasa anangoja mvua apande. Aliniuliza kwa nini hushiki simu, nikamwambia mtandao wa huko ni mbaya. Akaniuliza bei ya mbolea.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nimekupigia mara tisa katika wiki tatu hizi bila kupata jibu. Sikulaumu. Kesho nikienda Nakuru nitaipeleka barua hii kwenye ofisi ya vifurushi na kuandika namba ya Chepngeno, ili wakikosa kukupata wampate yeye. Kazini, kwenye kituo cha maziwa, mimi huandika matokeo tu: yamepita, hayajapita, yametiwa maji. Kwa hiyo utanisamehe kama barua hii itakuwa kavu.

Kwanza nikupe habari za safari ulizonituma za kutafuta zile kaseti, kwa maana ulitoka kwenye grupu la simu la wapenzi wa katuni za zamani kabla sijakueleza vizuri.

Kamere nilikwenda mwezi wa Novemba. Tabby wa mzee Ogada nilimpata nyumbani kwake, siku yake ya mapumziko. Bado anafanya kazi ya kufunga maua, na vidole vyake vimejaa alama za miiba. Alinitambua kabla sijasema jina. Nilipomuuliza kuhusu katuni yetu, Mbuzi wa Chuma, alicheka mpaka akakaa chini. Alisema kila kitu anakikumbuka: jinsi mama yake alivyokuwa akimfulia yule mtaalamu Mjapani wa chuo cha hapa Njoro, jinsi mtaalamu alivyorudi kwao na kuwaachia deki ya video na katoni ya kaseti kumi na tatu, na jinsi watoto wa nyumba za reli tulivyokuwa tukijazana sebuleni kwao mpaka mzee Ogada akirudi kazini anakosa pa kuweka miguu. Aliniimbia hata wimbo wa mwanzo, ule wa Mineko akipanda milima juu ya mbuzi wake wa mashine, amebeba chumvi ya kumlipa mganga atakayemwamsha mdogo wake Isaku. Maneno ya Kiingereza ameyasahau, lakini sauti ameishika.

Kisha akanieleza kwamba mzee Ogada alipopunguzwa kazi reli, deki iliuzwa, na kaseti zikachukuliwa na mtu wa Mau Narok aliyekuwa na kibanda cha video. Mtu huyo aliitwa Kibii.

Mau Narok nilikwenda Januari. Kibanda cha Kibii siku hizi ni stoo ya viazi. Yeye mwenyewe ni mzee sasa, ana kofia ya sufu na maneno mengi. Aliniongoza mpaka nyuma ya magunia, akavuta kreti moja ya mbegu, na humo ndani mlikuwa na kaseti zetu, zimefungwa kwa gazeti. Nilizihesabu mbele yake. Zilikuwa kumi na mbili.

Nikamuuliza ya kumi na tatu iko wapi. Mzee alikasirika kana kwamba nimemtuhumu.

"Madam, kumi na mbili ndizo nilipewa," akasema. "Unajua hiyo kitu ilinifungia biashara? Vijana wanalipa, wanaona mpaka kipindi cha ishirini na nne, halafu wananiuliza mwisho uko wapi. Mimi nitatoa wapi mwisho? Siku moja walinivunjia benchi mbili."

Alinipa zote kumi na mbili na gunia la viazi juu yake, akaniomba kitu kimoja tu, kwamba siku mwisho ukipatikana nimpigie simu nimwambie.

Kaseti nilizipeleka kwa Kipkorir pale Nakuru, kwenye duka lake la kutengeneza redio. Alizisafisha moja baada ya nyingine na kuziingiza kwenye kompyuta. Picha ya karatasi yenye maandishi ya Kijapani iliyobandikwa kwenye kaseti aliituma kwa wenzake wa ng'ambo wanaokusanya katuni za zamani, na baada ya siku nne wakamjibu kwamba jina halisi la katuni ile maana yake ni Njia ya Chumvi, kwamba ilitengenezwa na kampuni ndogo iliyokufa zamani, na kwamba wao pia hawajawahi kuona vipindi viwili vya mwisho. Unakumbuka furaha ya siku hiyo. Watu mia mbili kwenye grupu waliandika usiku kucha. Watu wazima, wengine maafisa wa benki, wakibishana mbuzi alikuwa na miguu sita au minane. (Ni sita.)

Hapo ndipo ulipoandika ule ujumbe wako mrefu. Uliwaeleza kwamba mwisho unaujua, kwamba Mineko anafika na mganga, Isaku anafumbua macho, anashuka kitandani mwenyewe na kutembea mpaka dirishani kumwona mbuzi. Uliandika vizuri sana. Halafu Sydney, yule kijana wa grupu, akaleta ukurasa wa jarida la zamani la Kijapani uliotafsiriwa, unaosema Isaku haamki. Ukasisitiza. Akakuuliza kama uliona kwa macho yako. Ukajibu kwamba ulikuwa wodini wakati huo na ulisimuliwa na dada yako, ambaye hawezi kukudanganya.

"Buda, hiyo ending mmejitungia huko kwenu," Sydney akaandika, na watu wakacheka kwa zile picha zao. Wakakupa jina la Mwalimu Hekaya. Jina hilo lilidumu siku tano. Siku ya sita ulitoka.

Khisa, mimi nilikuwa ndani ya grupu siku zote hizo tano. Nilisoma kila ujumbe. Ulinipigia simu siku ya pili, ukaniomba niwaandikie neno moja tu kwamba mwisho ulikuwa vile. Nilikwambia niko kazini, nitaandika jioni. Sikuandika jioni hiyo wala nyingine.

Sasa nakuandikia lile nililopaswa kusema.

Kaseti ya kumi na tatu ilikuwa kwangu. Niliiiba mimi, Agosti ya 1998, nikiwa na miaka kumi na moja, na imekuwa nami tangu hapo. Nilihama nayo kila nilipohama. Siku niliyokwenda Kamere kumuuliza Tabby, ilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu. Nilipohesabu kaseti mbele ya Kibii na kumuuliza ile nyingine iko wapi, nilikuwa najua iko wapi. Nilifanya safari zote mbili kwa sababu uliniomba, na kukataa kungehitaji sababu.

Ilikuwa hivi. Wewe ulikuwa umelala wodini miezi miwili tangu uanguke kutoka juu ya tangi la maji. Yale mawe ya uzani ya kuvuta mfupa yalikuwa yameondolewa mguuni na daktari akasema mfupa umeshika, lakini ulikataa kukanyaga chini. Mama alibembeleza, baba akafoka, sista akakuahidi soda. Wewe ukasema utasimama siku Isaku atakaposimama. Kila mtu alicheka, na wewe hukucheka. Daktari akamwambia mama, mimi nikiwa hapo nimeshika chupa ya maziwa, kwamba mtoto akiendelea kulala hivyo mguu utakauka na hatatembea sawasawa maisha yake yote.

Ijumaa hiyo, ambayo kaseti ya mwisho ilikuwa ionyeshwe kwa mara ya kwanza, nilikwenda kwa Mama Tabby mapema, kabla watoto wengine hawajafika. Aliniwekea akaenda kuanua nguo. Niliiona peke yangu. Ilipoisha niliitoa kwenye deki, nikaiweka ndani ya sweta, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Mama Tabby aliitafuta wiki nzima na kumchapa Tabby kwa ajili yake. Hilo pia sikuwahi kumwambia mtu. Kesho yake, Jumamosi saa saba, nilikaa kwenye kitanda chako nikakusimulia mwisho. Niliutunga nikiwa njiani kuja hospitali. Dirisha nililiweka kwa sababu wodini mlikuwa na dirisha.

Baadaye ulipokuwa mkubwa ningeweza kukwambia. Sikuona haja. Halafu ukawa unawasimulia wanafunzi wako, halafu ukamsimulia Namalwa, na kila mwaka ikawa vigumu zaidi. Sina maelezo mengine bora kuliko hayo. Kwa zile siku tano za kwenye grupu sina maelezo kabisa, isipokuwa kwamba niliogopa, na nikakuacha wewe uchekwe badala yangu.

Jumatano niliipeleka kaseti kwa Kipkorir. Ilikuwa imeota kuvu. Aliifungua kwa bisibisi ndogo, akaisafisha kwa pamba na spiriti kutwa nzima, na saa kumi ikacheza. Tulikuwa wawili tu dukani.

Mineko anafika na mganga. Mlango uko wazi. Kitanda cha Isaku kimekunjwa na kuegemezwa ukutani, na mama yao anafagia. Isaku alizikwa siku mbili kabla. Mama anamwonyesha mahali pa kukaa na kumpa bakuli la wali, naye Mineko anakula wote mpaka mwisho. Mganga amesimama tu, hajui aweke wapi mikono. Nje mbuzi wa chuma anafunikwa na theluji polepole, kwanza miguu, kisha mgongo. Basi. Kipkorir alizima deki, akatoka nje, akarudi baada ya dakika kumi na kuniuliza kama ninakunywa chai.

Ijumaa mchana niliandika kwenye grupu kwa jina langu kamili. Niliwaambia kwamba mwisho wa Isaku kutembea niliutunga mimi, kwamba wewe ulisema ulichoambiwa na hukuongeza neno, na kwamba kaseti waliyoitafuta niliificha mimi. Wengine wamenitukana, na wana haki. Sydney akaniomba namba ya kukupata akuombe msamaha. Sijampa. Hilo ni lako. Tabby nilimpigia simu jioni hiyo hiyo. Alikata. Leo asubuhi amenitumia ujumbe kwamba nikienda Kamere tena nipite, tutazungumza.

Kipkorir amekataa kuwatolea watu vile vipindi viwili mpaka wewe useme. Watu wa grupu wameulizwa wote na wamekubali kungoja, hata wale wa ng'ambo. Kibii peke yake nimemwambia mwisho kwa simu, kwa kuwa nilimwahidi. Alisema ni afadhali wale vijana wake hawakuuona, wangemvunjia kibanda chote.

Sikuombi unisamehe katika barua, maana barua haiwezi kukuona uso. Jambo moja tu nataka ulijue, kwa sababu naweza kudhania unalolifikiria sasa. Jumamosi ile nilipomaliza kusimulia, hukuniuliza swali. Ulisukuma blanketi, ukaweka mguu mmoja kwenye sakafu, ukalia, ukaweka wa pili. Nilinyoosha mkono nikushike, ukaupiga kofi. Ulikwenda mpaka dirishani na kurudi bila kushikwa na mtu. Hakuna aliyekudanganya katika hizo hatua, Khisa. Nilikuwepo, na hizo niliziona kwa macho yangu.

Nisalimie Chepngeno, na umwambie unga wa wimbi alioniagiza nimeuweka kwenye kifurushi hiki. Msalimie Namalwa, mwambie shangazi anamuuliza ana meno mangapi mapya. Wasalimie majirani wote wanaonijua. Mungu awalinde katika joto hilo.

Ni mimi dada yako,

Celestine Nakhumicha