Moto Mlangoni

Jumatatu, 10 Juni
Shabani,
Nimepiga pasi koti lako la kahawia tena. Sijui kwa nini. Siku thelathini na nne tangu pikipiki ikuangushe njia ya Kabambare, ukitoka kuchekesha arusini. Arobaini yako ni Jumapili. Watu wa Kasongo wananisimamisha sokoni. Wanataka kichekesho chako cha moto kisemwe siku hiyo. Nisimame mimi.

Jumanne, 11 Juni
Kaka yako Ramazani alikuja. "Shemeji, mutu amekufa na moto, mutamucheka na moto?" Hakukaa. Chai ikapoa.
Namwogopa. Lakini dua na machozi utapata. Kicheko nani atakupa?

Jumatano, 12 Juni
Nimejaribu kukisema nyuma ya nyumba. Ulivyokwenda kijijini kwetu Wamaza kuniposa, ukamwambia mama yangu, "Nimeacha moto mlangoni." Sisi wa mjini pikipiki ni moto. Kwa mama ilikuwa tukutuku. Moto ni moto. Akakimbia na ndoo ya maji, akaimwagia.
Kwangu hakichekeshi. Nasema haraka. Wewe ulisimama mikono nyuma kama mwalimu mkuu, ukanyamaza mpaka watu wakaanza kukohoa. Hukucheka hata mara moja.

Ijumaa, 14 Juni
Mama amefika. Amekataa kupanda pikipiki. Siku tatu kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi.
Ramazani ametuma neno: nikisimama, yeye ataondoka.

Jumapili, 16 Juni
Baada ya dua nilisimama. Mikono nyuma. Nikanyamaza. Ramazani akaanza kuvaa viatu. Nikafika "Nimeacha moto", sauti ikakatika. Nikajua nimekuaibisha.
Mama akasema kutoka mkekani, "Mulangoni. Na ndoo zilikuwa mbili. Huyu mukwe wangu alikuwa anapunguza."
Wakaangua kicheko. Hata imamu alificha mdomo. Mama akangoja wamalize, kama ulivyongoja wewe.
"Hii moto ya Kabambare, nilichelewa."
Hakuna aliyejua acheke au alie. Tulifanya yote mawili.
Ramazani aliondoka.

Jumatatu, 17 Juni
Nimefagia ua. Mikeka imerudi msikitini. Mama bado amelala, miguu imevimba. Ramazani hajapita kusalimia.
Miaka yote ulimtaja mama mbele za watu. Mimi, hata siku moja. Sikukuuliza sababu.
Ukiwachekesha huko uliko, nitaje na mimi.