Nyaya Nane Kati ya Butiama na Bunda

Kigera,
S.L.P. 317,
Musoma.
17 Novemba, 1991

Mpendwa mdogo wangu Magesa,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaituma, maana tangu barua ya Pasaka umenyamaza, na mimi siwezi kuisubiri mpaka nizeeke. Hujambo wewe? Wifi Hyasinta hajambo? Na wale watoto ninaowajua kwa picha tu, yule mdogo ameacha kukohoa? Huko Makambako nasikia baridi haina huruma. Mvalishe lile koti la kijani nililomshonea, hata kama linambana.

Mimi sijambo, ila mgongo unaniuma kwa kuinamia cherehani. Kazi ipo, lakini siku hizi mitumba imejaa sokoni, watu wananiletea suruali zilizokwisha kushonwa nipunguze kiuno tu. Mvua za vuli zimeanza vizuri. Wale samaki wadogo, furu, uliokuwa unawapendaga hatuwaoni tena, sangara wamewamaliza. Ukija nitakupikia sangara, utazoea.

Sasa nikueleze lililonikalisha chini kuandika. Baba ni mgonjwa, Magesa. Macho uliyaacha yakififia. Leo hayaoni, anatofautisha mchana na usiku basi. Tangu Septemba miguu inavimba, na akilala chali anakosa pumzi, kwa hiyo analala ameketi kwenye kiti. Daktari anasema moyo umechoka. Nilimuuliza kama atafika Krismasi, akanijibu nimpe dawa kwa wakati. Nilimwelewa.

Nakuomba uje umwone angali anasikia. Nimelisema mapema usije ukasema nimekuzungusha. Na najua fika kwa nini huji, ndiyo maana nakuomba usiikunje barua hii hapa.

Ni habari ya ile reli yake. Ninyi mnaofanya kazi TAZARA mnaona treni kila siku, lakini Baba alistaafu reli kule Tabora akarudi Mara, ambako treni tunaisikia kwa wasafiri tu. Akaapa hatakufa kabla haijafika Musoma, hata kama ni ya kuchezea, ya bati la mafuta ya kupikia, yenye mota ya redio kaseti mbovu. Wewe mwenyewe ulimsaidia kukata ile mikanda ya chuma ya marobota ya pamba ikawa reli. Mbao zilikuwa tatu za kubebeka, Musoma, Butiama na Bunda, majina kayaandika kwa rangi nyeupe, ili zipakiwe kwenye lori zikaunganishwe popote. Chini ya mbao zilipita nyaya, nyingine za kuendesha treni, nyingine za kugeuza pointi pale reli inapogawanyika.

Nyaya za kutoka Musoma kwenda Butiama alizifunga peke yake, akifuata mmoja mmoja kwa kidole. Za kutoka Butiama kwenda Bunda alizifunga na wewe. Mwaka wa themanini na nne, kilo ya sukari ilikuwa foleni ya kutwa. Nani angepata nyaya za rangi? Zilikuwa nane, zote nyeusi, kutoka kwenye lori bovu. Ndipo Baba akatumia ujuzi wa Babu Masatu, alivyokuwa anapanga kamba za ndoano kule Murangi: kila kamba na uzi wake, wa kwanza fundo moja, wa pili mafundo mawili, ili gizani mkono ujue. Na hesabu inaanzia mkono wa kulia, daima. Mlitandaza nyaya zikalala sambamba, yeye akakaa upande wa Butiama, wewe upande wa Bunda, kila mtu akafunga nyuzi za ncha zake. Kisha mkaziviringisha kwa mpira wa baiskeli. Hamkuzijaribu, kwa sababu betri ilikuwa ya kuazima kwenye trekta na ilifika siku ile ile ya maonyesho ya shule kule Bunda.

Siku ile nami nilikuwepo pale uwanjani Bunda, nimevaa gauni langu la maua. Treni ikatoka Musoma, ikapita Butiama, watoto wa shule wanashangilia. Ilipogusa ubao wa Bunda ikafa. Pointi zikapinduka hovyo, moshi ukatoka, na ile harufu ya waya kuungua ikatufikia wote. Watu wakacheka. Baba akasimama, na mbele ya walimu na Padri akakuita mhujumu.

Sitakukumbusha uzito wa neno hilo, wewe ndiye uliyebebeshwa. Nyakati zile watu walikuwa wanachukuliwa majumbani kwao kwa neno hilo hilo. Na wiki ile ulikuwa umemwambia, kwa huo mdomo wako, kwamba mtu mzima anachezea gari la watoto wakati Mama anapanga foleni ya sabuni. Kwa hiyo akaamini umemkomoa. Kesho yake ukapanda lori. Hata ulipokuja kumzika Mama yetu, Pelagia, ulilala kwa jirani Boniphace, nyumba ya tatu kutoka hapa, ukaondoka bila kumpa Baba mkono. Nilikukasirikia sana, na hasira yenyewe sijaimaliza yote.

Sasa sikiliza. Majuma mawili yaliyopita Baba akaniagiza nizitoe zile mbao stoo na kuzipanga sebuleni. Nikataka kumfurahisha, nikaenda mjini kununua nyaya mpya, maana siku hizi kila kitu ruksa, maduka yamejaa: nyekundu, kijani, njano, buluu. Nilirudi najisifu. Akazipapasa, akaniuliza kwa upole rangi hizo zitamsaidia nini yeye. Jamani, niliona aibu! Nimekaa naye nyumba moja miaka yote hiyo, nikaenda kumnunulia kipofu rangi.

Akataka zile nyeusi, akasema nyuzi bado zipo. Kweli zilikuwepo, zimeliwa kidogo na mende. Akanikalisha pale ulipokaa wewe, upande wa Bunda, yeye kwake Butiama, magoti yetu yanakaribia kugusana. Kazi yangu ilikuwa kushika balbu ya tochi. Yeye akagusisha betri kwenye waya wa fundo moja, nami nikaweka balbu kwenye waya wangu wa fundo moja. Haikuwaka. Nikajaribu wa mafundo mawili, haikuwaka. Nikaenda hivyo hivyo nikidhani balbu imekufa, mpaka nilipofika wa mafundo manane. Ikawaka. Akahamia wa mafundo mawili, kwangu ikawaka kwenye saba.

Baba akaiweka betri chini. Kisha akainua mkono wake wa kulia, akaniambia niinue na mimi wangu. Akaupapasa hewani mpaka akaupata, na Magesa, mikono ile haikuwa upande mmoja. Wake ulikuwa dirishani, wangu ulikuwa mlangoni. Kwenye mtumbwi wa Babu watu wote wanatazama mbele, kulia kwa mmoja ni kulia kwa wote. Ninyi mlikuwa mmetazamana.

Ulihesabu kutoka kulia kwako kama ulivyoagizwa. Hukukosea hata uzi mmoja.

Hayo si yangu, ni yake. Alisema, "Mtoto alinitii, mimi nikamfukuza." Akarudia mara mbili, halafu akalia. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata kaburini kwa Mama. Mimi nikalia naye, ile balbu bado iko mkononi.

Tulipotulia nikajitolea kukata nyuzi za upande wa Bunda nizifunge upya, maana mimi ndiye mwenye macho na mkasi. Akanishika mkono, akakataa katakata. Za Magesa zisiguswe. Akakata za kwake mwenyewe, zote nane, akaanza kufunga nyingine kwa vidole vilivyovimba, akizifuata za kwako. Ilimchukua siku mbili, anafunga, anapumzika, anafunga.

Jumatano treni ikafika Bunda. Hakuiona, ila aliweka kidole mwisho wa reli, ikaja ikakigonga. Tangu siku hiyo mbao zote tatu ziko sebuleni, hataki zifunguliwe, na tunazizunguka kwa ubavu tukienda jikoni. Shangazi Dorotea amekwisha kujikwaa mara mbili na kulaani reli zote za dunia.

Mdogo wangu, hatakuomba msamaha kwa mdomo wake. Unamjua, nawe umerithi. Lakini nimekaa naye, na nakuapia hana neno lingine moyoni. Mimi naogopa tu siku hazitatosha. Ukifika Mwanza, basi la asubuhi litakushusha hapa mapema mchana. Kama nauli inasumbua, uza kitu. Usingoje likizo.

Shangazi Dorotea anakusalimu, na Boniphace na mkewe Jeska wanasema kitanda chao safari hii hawakupi, ulale kwa baba yako. Nisalimie wifi Hyasinta na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Mungu aliyekulinda huko milimani akushike mkono njiani, na amwachie Baba pumzi mpaka utakapoingia mlangoni.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata nikifoka,

Marcelina

Tanbihi: Nilikuwa nimekwisha kuibandika bahasha, Baba akaniita nifungue tena. Zile nyuzi alizokata nilidhani nimezifagia. Kumbe amezitunza mfukoni mwa shati siku zote hizi. Zimo humu, hesabu utazikuta nane. Amesema nikupelekee, na nikuambie kwamba hizi zilikuwa zake, si zako.