Kabla Gia Haijashika

Yoba, Gitega

Jumatatu, 4 Mei

Nimeliwasha gari baada ya swala ya alfajiri, kama kila siku. Mguu kwenye breki, mkono wa gia kwenye D, nikakanyaga mafuta hadi likatetemeka papo hapo lilipo. Ndivyo ninavyojua kwamba ni zima. Leo lilichelewa. Niliweka D, kimya, halafu likashtuka kama mtu aliyeguswa usingizini. Nikarudia. Kila mara, kile kimya.

Mdomo wa gari unaelekea barabarani. Tangi halishuki chini ya nusu. Mke wangu Zaituni hunicheka: "Baba Amina, hata mwizi halali tayari namna hii."

Lakini yeye ndiye sababu. Nyonga yake haimfikishi hata dukani sasa. Mara ile ya kwanza, wakati wa vita, tulikimbia kutoka Muyinga kwa miguu, njia za Giteranyi, Amina mgongoni mwake, hadi Tanzania. Tukakaa huko mpaka tukaota mvi. Safari hii, ikibidi kukimbia tena, hawezi kutembea. Gari ndiyo miguu yake.

Naogopa.

Jumanne, 5 Mei

Majirani wa upande wa chini wamefunga nyumba. Wamesema wanakwenda msibani. Walichukua masufuria. Mtu haendi msibani na masufuria.

Amina amepiga simu kutoka Muyinga, anataka twende kwake. Nimemwambia Jumamosi. Habari ya gia sikumwambia.

Jumatano, 6 Mei

Limechelewa kuliko jana. Nimelijaribu tena na tena, hadi joto likapanda miguuni. Harufu ya kitu kilichoungua. Sikula mchana.

Alhamisi, 7 Mei

Nimekwenda kwa Saidi. Ana gereji nyuma ya soko, na giaboksi za otomatiki ndiyo kazi yake. Mafundi wengine huzikimbia. Alichomoa kijiti cha kupimia, akadondosha mafuta kwenye karatasi nyeupe. Yanatakiwa yawe mekundu. Yalikuwa ya kahawia, meusi kingoni. Akanusa.

"Mzee, hii mafuta imeungua. Gari iko inaenda wapi?"

"Sokoni. Msikitini."

"Sasa ni nani iko anaipika humu?"

Nikapanda kumwonyesha ninavyolijaribu alfajiri. Breki, D, mafuta. Akapiga boneti kwa kiganja. "Zima! Zima, mzee!"

Akanieleza taratibu. Ukilikaba gari kwa breki huku injini inasukuma, nguvu hukosa pa kwenda. Inageuka joto. Joto linaunguza mafuta, nayo mafuta yaliyoungua hayalindi tena sahani za klachi zilizomo ndani, zinakwisha.

"Kila asubuhi?"

Kila asubuhi.

"Ni we unaiua, mzee. Haina ugonjwa mwingine."

Nimerudi nyumbani na aibu. Na hasira, sijui kwa nani. Hofu haikupungua. Zamani niliogopa watu watakaokuja. Sasa naogopa hata mguu wangu mwenyewe.

Ijumaa, 8 Mei

Saidi amenieleza tatizo lililobaki, na ni baya. Sahani zikishalika, uchafu ulio ndani ya mafuta ya zamani ndio unaozisaidia kushikana. Ukimwaga mafuta yote, gari linaweza kukataa kutembea kabisa. Ukiyaacha, litafia njiani.

"Mi nitamwaga ya chini tu. Ile ingine ibaki."

Nikakubali. Alifungua sampo, lile karai la chini. Ndani mna sumaku, na sumaku ndiyo inayosema kweli. Vumbi jeusi lilikuwa limeishika. Akalifikicha juani kati ya vidole, akitafuta vimetameta vya chuma. Kukiwa na chuma, giaboksi imekwisha. 

Laini, kama wanja. Chuma hakuna.

Akaweka filta mpya na mafuta mapya. Nikamuuliza kama litafika Muyinga.

"Pole pole, itafika. Ikichelewa, uingoje. Usiikabe."

Hakuapa. Nilitaka aape.

Muyinga

Jumamosi, 9 Mei

Tumefika. 

Baada ya Karuzi, kwenye mwinuko, kamba imekatiza barabara. Askari kijana. Akatazama nyuma ya gari, akainua turubai lililofunika mizigo. Masufuria. Zaituni aliyafunga jana bila kuniambia.

"Munaenda wapi na masufuria yote haya?"

 Zaituni akajibu, "Kwa binti yangu, mwanangu. Nilimlea vizuri, ila kupika alikataa."

Askari akacheka. Kamba ikashushwa. Nikaweka D, nikaachia breki.

Kimya. Gari likaanza kurudi nyuma, polepole, kuteremka. Kicheko cha askari kikaisha. Akashuka hatua moja kutufuata. Mguu wangu wote ulitaka kukanyaga mafuta. Niliyaona akilini yale mafuta yaliyoungua kwenye karatasi. Sikukanyaga. Zaituni akaweka mkono wake juu ya wangu, pale kwenye gia, na yeye hajui kitu kuhusu gia.

Likashika.

Tulipanda kwa mwendo wa baiskeli. 

Jumapili, 10 Mei

Amina yuko nyumbani, hakwenda sokoni Gashoho anakofanya biashara. Mama yake anamfundisha kupika mchuzi ambao binti huyu anaujua tangu utoto, na Amina anamwachia afundishe.

Alfajiri niliamka saa ile ile. Nikachukua ufunguo, nikaenda kukaa kwenye usukani. Mbele yangu barabara ya Giteranyi, umande, mtu mmoja anasukuma baiskeli yenye ndizi. Zaituni akasema dirishani, "Baba Amina, liache lipumzike."

Sikuliwasha. Kwa hiyo leo sijui kama gia ingeshika. Nimerudi ndani, nimekunywa chai, nikiwa bado sijui.