Matone ya Macho ya Baba Wangui

Jumatatu, 3 Machi
Kuku wamelishwa. Chai imechemka. Kabla sijaketi, binti yetu Wangui akapiga simu kutoka Eldoret. Baba yake anapasuliwa mtoto wa jicho kesho, na hospitali haitamruhusu kurudi nyumbani peke yake. Wangui hana ruhusa kazini. Ameniomba mimi. Miaka kumi na mmoja tangu niachane na huyo Kariuki! Nimekasirika. Nimekubali.

Jumanne, 4 Machi
Kariuki ametoka hospitalini na bandeji jichoni, kiatu kimoja cheusi, kingine cha kahawia. Alivaa asubuhi, hakuona tofauti. Nilicheka mbele ya wauguzi hadi nikaona haya. Naye akacheka. Kijijini kwake Wamagana hakuna wa kumtia dawa, matone mara nne kwa siku. Nimemleta hapa kwangu Skuta, chumba cha Wangui. Wiki moja tu. Nimemwambia wazi.

Alhamisi, 6 Machi
Nikikaribia na chupa anafumba macho yote mawili. Leo dawa imeingia sikioni. Jirani amekuja kuomba chumvi mara tatu. Kufikia Jumapili kanisa zima litajua. Ajabu, sijali.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelipuka. Alisema githeri yangu, mahindi na maharagwe, ni tamu kama ya marehemu mama yangu. Nikamwuliza kwa nini basi hakuja kumzika. Siku ile alipiga simu kutoka Sagana, ati gari limeharibika. Sikuwahi kuamini, wala sikuwahi kumwuliza, hata tulipoachana. Nikamwacha mezani.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada aliniomba niketi.
"Mama Wangui, gari halikuharibika. Nilikuwa nimelewa. Niliona aibu kusimama kaburini hivyo. Nilikukosea, na nimechelewa kusema."
Pombe aliacha miaka tisa iliyopita. Hilo nilijua. Haya mengine sikujua. Nililia nikiosha vyombo. Akachukua kitambaa, akapangusa sahani moja moja, kimya. Zamani angejitetea hadi jioni.
Nimemsamehe. Nimeshtuka kuliandika.

Jumanne, 11 Machi
Daktari ameridhika. Matone yaliyobaki anaweza kujitilia mwenyewe. Nimemsindikiza hadi Wamagana, nimerudi. Nyumba imekuwa kubwa. Nimepika chakula cha watu wawili. Wangui sitamwambia.

Ijumaa, 14 Machi
Kariuki amepiga simu. Anataka kuja Jumapili. Nikamwuliza anakuja kufanya nini, na jicho limepona.
"Kukuona tu."
Nikasema aje. Kisha nikakaa na simu mkononi kama msichana wa shule. Nami nina miaka hamsini na tisa!

Jumapili, 16 Machi
Amefika amelowa chapachapa, mvua imeanza. Tumekula. Tumeongea bila kugombana. Hatuna haraka: yeye abaki Wamagana, mimi hapa, kila Jumapili tuwe pamoja. Tumempigia Wangui, nikasikia analia kwa furaha.
Sasa Kariuki amesinzia kitini, gazeti kifuani. Nimemfunika shuka. Mvua inaendelea, na mboga zangu za sukuma wiki zilikuwa zimekauka. Mungu wangu, asante. Leo sina la kuomba.